Betri Yenye Pasipoti Yake

Katika kila ghala la silaha kuna daftari. Askari anayekabidhiwa bunduki hutia sahihi mbele ya namba iliyochongwa katika chuma cha bunduki ile, na anaporejea kutoka doria mwenye ghala huitazama namba hiyo tena kabla ya kuipokea. Bunduki ikipotea, daftari ndilo linalosema ni nani aliyeichukua mwisho, na siku gani. Kwa sababu hiyo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zilipotia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo mwezi Aprili 2004, zilikubaliana kwamba kila silaha itiwe alama na kumbukumbu zake zihifadhiwe.

Utaratibu huo, ambao askari wa jeshi na wa polisi wameuzoea tangu siku za mafunzo, sasa unapelekwa kwenye bidhaa ambayo watu wengi hawakudhani kamwe kwamba ingestahili daftari. Bidhaa hiyo ni betri. Kwa mujibu wa Kanuni namba 1542 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, iliyopata nguvu ya sheria tarehe 17 Agosti mwaka huo, betri za magari ya umeme, betri za pikipiki na baiskeli za umeme, na betri za viwandani zenye uwezo unaozidi kilowati-saa 2 zimetakiwa ziwe na pasipoti ya kidijitali kabla ya kuuzwa katika nchi za Umoja huo. Tarehe iliyowekwa ni 18 Februari 2027.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba pasipoti hiyo si kijitabu. Juu ya betri hubandikwa au huchongwa alama ya mraba yenye vidoti vyeusi, mfano wa zile ambazo watu huzielekezea kamera ya simu wanapolipia bidhaa madukani. Alama ikisomwa, hufunguka kumbukumbu iliyohifadhiwa katika kompyuta: nani aliyeitengeneza betri, wapi na lini, uzito wake na uwezo wake, imetengenezwa kwa madini gani, na ni sehemu gani ya madini hayo iliyotokana na betri za zamani, ni kiasi gani cha hewa chafu kilichotolewa katika kuiunda. Aidha kuna habari zinazobadilika kadiri betri inavyotumika, kama vile mara ilizochajiwa na nguvu iliyobaki. Habari hizo hazifunguliwi zote kwa kila mtu. Nyingine ni za umma, nyingine ni za wakaguzi wa serikali na wa sheria peke yao, na nyingine ni za mafundi, wanunuzi wa betri zilizotumika na wanaoziyeyusha, yaani watu ambao kanuni inawaita wenye haja ya haki. Tume ya Umoja wa Ulaya ndiyo iliyopewa kazi ya kueleza ni nani hasa wanaohesabiwa katika kundi hilo la tatu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini betri, na si sufuria au kiatu. Jibu ni kwamba betri ni sanduku lililozibwa. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani humfungua mnyama kinywa akatazama meno, kisha akataka atembezwe. Mnunuzi wa pikipiki kuukuu husikiliza injini. Betri haina meno wala sauti. Betri ya lithiamu iliyochoka na ile iliyo nzima hufanana kama risasi mbili za sanduku moja ambazo moja imelowa maji. Tofauti hujulikana pale tu inapohitajika, na wakati huo ni kuchelewa. Askari wa mawasiliano anayebeba betri za redio mgongoni, na anayejua maana ya redio kunyamaza katikati ya mwendo wa usiku, hahitaji kuelezwa zaidi juu ya jambo hili.

Kutokana na giza hilo soko zima la betri zilizotumika hudhoofika. Betri ya gari la umeme haifi mara moja. Aghalabu huondolewa garini ikiwa bado ina sehemu kubwa ya uwezo wake, pengine asilimia 70 au 80, kwa kuwa haiwezi tena kulipeleka gari mwendo uleule. Lakini betri hiyohiyo ikiwekwa chini katika zahanati, shuleni au katika kituo cha ulinzi kilicho mbali na nyaya za umeme, yaweza kuhifadhi umeme wa jua kwa miaka mingi. Taabu ni kwamba mnunuzi hajui analolinunua. Akiambiwa kwamba imechajiwa mara 300, hana njia ya kujua kama ni 300 au 3,000. Kwa hiyo hutoa bei ya kujikinga na hasara, na mwenye betri nzima analipwa sawa na mwenye betri mbovu. Mwuzaji mwaminifu akiona hivyo huacha kuuza, na sokoni hubaki wadanganyifu. Hapa ndipo ilipo faida ya kwanza ya pasipoti kwa viwanda vya betri, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote, kwani kiwanda kinachoweza kuonyesha kwamba betri yake ya miaka 8 bado ina thamani kinaweza kuiuza ile mpya kwa masharti mepesi zaidi. Hata benki na mashirika ya bima huweza kukubali kitu kinachopimika kiwe dhamana.

Katika jiji la Kampala jambo hili si geni kama linavyosikika. Bodaboda za umeme za kampuni kama Zembo, GOGO na Spiro zinaonekana barabarani kila siku, na waendeshaji wake aghalabu hawakai kungoja betri ijae. Hufika kituoni, huitoa iliyokwisha, hutia iliyojaa, hulipa, huondoka. Katika mpango wa namna hiyo betri hubaki mali ya kampuni, na kampuni haina budi kujua kila betri ilipo, mwendeshaji gani anayo, na imechoka kiasi gani. Kwa maneno mengine, daftari tayari lipo. Lakini daftari hilo ni la kampuni na husomwa na kampuni. Siku betri itakapoondolewa kituoni na kuuzwa kwa fundi anayetaka kuifanyia kazi ya umeme wa jua, historia yake itabaki katika kompyuta ya mwenyewe wa zamani, na fundi atapewa sanduku tupu la habari. Pasipoti imekusudiwa iifuate betri. Kanuni ya Ulaya inasema kwamba betri ikibadilishwa matumizi, yule aliyeibadilisha hubeba wajibu wake na kuiandikia pasipoti mpya iliyofungamana na ile ya kwanza, mfano wa faili la askari aliyehamishwa kikosi.

China, ambako hutoka sehemu kubwa ya betri za lithiamu zinazotumika duniani, haikungoja Ulaya. Tangu mwezi Agosti 2018 serikali ya nchi hiyo imevitaka viwanda kutia kila betri ya gari la umeme namba yake na kuiandikisha katika mtambo mmoja wa taifa ili ifuatiliwe hadi mwisho wake.

Faida ya pili iko mbali na viwanda vyenyewe, nayo inaanzia migodini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu iliyo kubwa hutoka katika ardhi ya Kolwezi na Likasi, upande wa Katanga ya zamani. Humo mna makampuni makubwa yenye mitambo, na mna wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa kamba na sululu. Taarifa za watoto wanaochimba na kuosha mawe hayo zimeenea duniani kwa miaka mingi. Viwanda vya magari, vikiogopa aibu hiyo na kesi mahakamani, vimetaka kujua kobalti yao inatoka wapi. Vingine vimeamua kutengeneza betri zisizo na kobalti kabisa. Hilo la pili halimsaidii mchimbaji wa Kolwezi hata kidogo. Endapo madini yaliyochimbwa kwa haki yangeweza kutengwa na yale yasiyochimbwa kwa haki, mchimbaji halali asingekosa soko kwa makosa ya jirani yake.

Majaribio ya kwanza yalionyeshwa Davos, nchini Uswisi, mwezi Januari 2023, ambapo Muungano wa Kimataifa wa Betri ulitoa pasipoti za mfano kwa kushirikiana na watengenezaji wa magari, wakiwemo Audi na Tesla. Mwezi Juni 2024 kampuni ya Volvo ya Sweden ikatangaza kwamba gari lake la EX90 litatoka kiwandani likiwa na pasipoti ya betri, yenye kueleza asili ya lithiamu, kobalti na nikeli iliyomo. Serikali ya Kinshasa nayo, iliyosimamisha uuzaji wa kobalti nje mwezi Februari 2025 na kuweka viwango vya mauzo kuanzia Oktoba mwaka huo, inahitaji hesabu ya uhakika ya kinachotoka, kwa kuwa kiwango kisichoweza kuhesabiwa mpakani hakina maana.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba alama peke yake inaondoa udanganyifu. Mashariki ya Kongo ina ushahidi wa kutosha. Kwa zaidi ya miaka 10 mifuko ya madini ya bati na koltani imekuwa ikifungwa vibandiko vyenye namba, ili ijulikane imetoka mgodi upi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kadhaa katika ripoti zao jinsi vibandiko vilivyouzwa kwa siri, na jinsi madini ya mgodi uliokatazwa yalivyopewa vibandiko vya mgodi ulioruhusiwa. Polisi aliyewahi kukamata muhuri wa bandia anaijua hadithi hiyo. Namba ilikuwa sahihi; mkono ulioifunga ndio uliokuwa mchafu. Pasipoti ya betri itakuwa na udhaifu uleule pale ambapo habari za mwanzo zimeandikwa na mtu asiyekaguliwa, kwa sababu kompyuta hutunza uongo kwa uaminifu uleule inaotunza ukweli. Wala shauku ya Ulaya yenyewe haikosi kupungua: sehemu ya kanuni inayowadai wafanyabiashara wachunguze asili ya madini yao ilikuwa ianze kutumika mwezi Agosti 2025, lakini mwaka huohuo ikaahirishwa hadi Agosti 2027.

Uganda haimo katika habari hii kama mtazamaji. Shaba ya Kilembe, iliyoanza kusafirishwa kwa reli ya Kasese mwaka 1956, ilikuwa na kobalti ndani yake. Uchimbaji uliposimama lilibaki lundo kubwa la mabaki lililokuwa likivujisha maji yenye asidi, na kuanzia mwaka 1999 Kampuni ya Kasese Cobalt ikawa inatoa kobalti katika lundo hilohilo. Madini yaliyotupwa na kizazi kimoja yakawa mali ya kizazi kingine. Endapo migodi ya Kilembe itafunguliwa tena kikamilifu, kobalti yake itaingia katika soko linalouliza maswali ambayo mwaka 1956 hayakuulizwa na mtu yeyote.

Upande wa utengenezaji, gari la Kiira EV lililobuniwa na Chuo Kikuu cha Makerere lilionyeshwa Kampala mwezi Novemba 2011, na likafuatwa na mabasi ya Kayoola. Wasikilizaji wengi wa jeshi wanafahamu kwamba mabasi ya Kayoola yalipata kuundwa katika karakana za Luwero Industries huko Nakasongola, na kwamba shirika la uchumi la jeshi, NEC, ndilo lililopewa kandarasi ya kujenga kiwanda cha Kiira Motors huko Jinja. Basi la Uganda likitaka kuuzwa Ulaya siku moja, litaombwa pasipoti ya betri yake. Na hata likiuzwa Nairobi au Kigali tu, mnunuzi atakayejua kwamba betri ya mshindani ina kumbukumbu atataka ya Uganda iwe nayo pia. Kwa kiwanda kichanga hiyo ni gharama, na haifai kufichwa. Lakini ni nafuu kuanza kuandika betri ya kwanza kuliko kurudi nyuma kuitafuta historia ya betri ya elfu kumi.

Kuna faida nyingine inayowahusu polisi moja kwa moja. Hapa Uganda kikosi cha zimamoto ni sehemu ya Jeshi la Polisi, na moto wa betri ya lithiamu si moto wa nyasi. Hutoa moshi wenye sumu, hudai maji mengi ya kuipoza betri, na unaweza kuwaka tena saa nyingi baada ya kudhaniwa kwamba umezimika. Kanuni ya Ulaya inataka kila betri ieleze vitu vya hatari vilivyomo na dawa ya kuzimia moto inayoifaa, na habari hizo ni miongoni mwa zile za umma, yaani ofisa wa zimamoto hahitaji ruhusa ya mtu ili azisome. Pasipoti vilevile ina maelezo, kwa mafundi, ya namna ya kuifungua betri bila ya kuumia.

Juu ya wizi, matumaini yasizidi kiasi. Wezi wa betri za minara ya simu, za taa za jua na za magari wanajulikana vyema vituoni. Pasipoti imewekwa iandike bidhaa, si mwenye mali, kwa hiyo haiwezi peke yake kumtaja aliyeibiwa. Lakini betri yenye namba isiyofutika, ikikutwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, inaweza kulinganishwa na orodha ya zilizopotea, jambo ambalo haliwezekani leo kwa betri nyingi zinazopita Katwe na Kisenyi.

Pamoja na hayo yote, kanuni hii ina pengo ambalo kwa mtazamo wa Kampala ni kubwa mno. Betri ya kawaida ya kuwashia injini, ile yenye risasi na asidi iliyomo katika kila teksi, kila lori na kila gari la kikosi, haikuwekwa katika orodha ya zinazotakiwa kuwa na pasipoti. Bila shaka Ulaya imeona kwamba betri hizo inazikusanya tayari kwa utaratibu mzuri. Huku Afrika Mashariki ni kinyume. Risasi ndiyo iliyoua na kulemaza.

Mfano ulio karibu ni wa Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini mjini Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa pembeni mwa mtaa huo. Moshi na maji machafu yakapeleka risasi katika udongo, mabatini na katika miili ya watu. Mwanamke mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, alipogundua kwamba mtoto wake mchanga amepata sumu hiyo, alianza kupiga kelele ambazo hazikunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi wapatao 3,000 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ilichukua miaka 17 tangu moshi wa kwanza.

Betri zilizoyeyushwa pale hazikuwa na daftari. Risasi iliyotoka mle iliuzwa ikiwa safi, yenye kung'aa, na mnunuzi hakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha mtaa ule. Ikumbukwe pia kwamba kanuni ya Ulaya inataka, kuanzia mwaka 2031, betri mpya za aina fulani ziwe na madini yaliyotokana na betri za zamani: asilimia 16 ya kobalti, 6 ya lithiamu, 6 ya nikeli na 85 ya risasi. Takwa hilo litaongeza thamani ya betri kuukuu popote ilipo, Kampala ikiwamo. Mwenye kuyeyusha kwa utaratibu atapata biashara njema, kwa sababu ataisoma alama, atajua kilichomo kabla ya kuivunja, na ataweza kuthibitisha madini yake yametoka wapi. Asiye na utaratibu, mwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba, naye atavutiwa na bei hiyohiyo.

Kwa hiyo kazi iliyobaki haiko Brussels. Hakuna kinachoizuia Uganda, au Jumuiya ya Afrika Mashariki, kudai alama na kumbukumbu kwa betri zote zinazopita Malaba na Busia, za risasi zikiwemo, na kumpa ofisa wa forodha na askari wa barabarani ruhusa ya kusoma kile ambacho mwuzaji anakijua. Magari ya umeme yaliyotumika yanayoletwa kutoka ng'ambo yatafika hapa na betri zilizokwisha kuzeeka nusu, na huko yalikotoka kutakuwa na mtu aliyekwisha kujua zimezeeka kiasi gani. Kanuni ya Ulaya inasema kwamba pasipoti ya betri hukoma siku betri inapoyeyushwa. Betri iliyotoka Antwerp ikafia Kampala, isipokuwepo ofisi hapa ya kupokea habari zake, huko itaendelea kuandikwa kwamba ingali inatumika.